Mpiga Picha Aliyesema Tumetikisika

Alikuwa anakushika kidevu. Haombi, hasemi "samahani dada." Anakuja tu na vidole vyake vinavyonuka dawa ya kusafishia picha, anakigeuza kidevu chako kuelekea dirishani kama anachagua papai sokoni, anarudi nyuma ya kamera na kusema, "Usipumue." Watu wa mtaa wetu wa Chikongola, wa rika langu, karibu wote, tumewahi kukatazwa kupumua na mtu huyu, na tulipotoka tulimshukuru.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne. Yeye ndani ya studio, mimi na cherehani yangu barazani kwake. Aliniita Dada Cherehani. Jina langu hakuwahi kuliuliza. Mimi nilimwita Mpiga Picha, kama mji mzima ulivyomwita. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo haya nayasema kama nilivyoyaona. Kusifu sikuja kusifu. Nimekuja kusema alichomfanyia kaka yangu Athumani, aliyekufa maji. Hakufa peke yake siku ile, ila yeye ndiye aliyezikwa na lawama.

Neno kubwa la Mpiga Picha lilikuwa "umetikisika." Picha ikitoka mbaya, wewe ndiye uliyetikisika. Siku moja alikuja mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukoba, ameshika picha ya familia yake imetoka kama moshi wa kuni mbichi.

"Mzee, hii ndiyo nini?"

"Mtoto alitikisika."

"Na mke wangu?"

"Alitikisika akimtuliza mtoto."

"Na ukuta, mzee? Ukuta nao ulikuwa unatuliza mtoto?"

Barazani tulicheka mpaka nikajichoma sindano. Mpiga Picha hakucheka. Alimtazama mwalimu toka viatu mpaka nywele, akamwambia, "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Picha niachie mimi." Akafunga mlango. Kesho yake aliwaita, akawapiga upya, ikatoka nzuri, lakini pole hakusema. Pole hakuwa nayo. "Sijui" pia hakuwa nayo. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua, atakuelekeza hivyo hivyo, kwa mkono ulionyooka, nawe utapotea.

Alifunga saumu Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo hizo ndizo alizotukana watu zaidi. Watoto wadogo aliwachukia kwa sababu hawatulii. Vibibi aliwapenda. Kibibi akitoka kijijini na kanga yake moja, hana kitu, Mpiga Picha atamwita ndani, atamketisha kwenye kiti cha wageni, atampiga bure, atampa na chai. "Hawa wanajua kutulia," alisema. Hata mama yangu alipigwa picha hivyo. Mama alikuwa na chale za Kimakonde mashavuni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, na kwenye picha ile ungeweza kuzihesabu chale moja moja, na ukaona unyevu machoni. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na inanisumbua. Ningependa mtu niliyemchukia awe amenifanyia ubaya mtupu. Ingekuwa rahisi.

Maji aliyaogopa. Umri wote ule pwani, hakukanyaga maji kupita kifundo cha mguu. Ukimwalika harusi ya ng'ambo, atakusindikiza mpaka mchangani na hapo ndipo mwisho wake.

Sasa nieleze lenzi, maana bila lenzi hutaelewa.

Alikuwa nazo mbili, za chuma, za Kirusi, alizozipata kwa baharia wa meli iliyokuja kupakia korosho. Moja fupi, moja ndefu. Zilikuwa za kufunga kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Hazikuwa na akili yoyote ndani yake. Ukitaka uso uonekane sawasawa, unazungusha pete ya lenzi kwa vidole mpaka uso ukae. Alizifunga kwenye vipande vya kanga ya marehemu mkewe, na mtu mwingine kuzigusa ilikuwa kama kumgusa mke mwenyewe. Mimi alinifundisha mara moja tu, siku aliyofurahi sana sijui kwa nini. Alinionyesha alama iliyochorwa mwisho wa pete, nane iliyolala ubavu.

"Ukizungusha mpaka hapa, Dada Cherehani, lenzi inaona mpaka mwisho wa dunia."

Na miaka ile ya tisini ilikuwa kweli. Kwenye kamera yake ya mkanda, nane iliyolala iliona mpaka mwisho wa dunia. Mikanda ya rangi ilipelekwa Dar kusafishwa, mvua ikikata barabara ya kusini picha zinakaa miezi, zikirudi unakuta hata minazi ya nyuma kabisa ina makuti yake yote.

Halafu watu wakachoka kusubiri. Miaka ya elfu mbili ikaingia na kamera za kidijitali, mtu anataka ajione papo hapo. Mzungu mmoja aliyekuwa akijitolea hapa mjini, wakati wa kurudi kwao, akamwachia Mpiga Picha kamera ya namna hiyo, nzima, na lenzi yake ya plastiki inayojitafutia yenyewe. Unabonyeza, inalia zii, zii, imeshapata. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Yeye aliisikiliza ile zii zii kama anasikiliza mbu.

"Mashine isinifundishe mimi kuona," akasema. Akaitoa ile lenzi, akaitupa kwenye droo ya vifungo vyangu vilivyovunjika. Alitaka zile za chuma zikae kwenye kamera mpya.

Hazikukaa, mdomo ni mwingine. Akaenda kwa fundi mkereza vyuma, jirani na bandari, akachongewa pete ya alumini: upande mmoja inashika kamera, upande wa pili inashika lenzi. Fundi aliileta mwenyewe barazani, nami nilikuwepo, nashona sare za shule.

"Mzee, nimeikereza nyembamba mpaka chuma kinalia," fundi akasema. "Lakini kamera hii yenyewe ni nene kuliko ile yako ya zamani. Lenzi imekaa mbele mno. Karibu itaona. Mbali haitafika."

"Nani kakwambia?"

"Nimechungulia."

"Ulitikisika," Mpiga Picha akasema, akamlipa, akaingia ndani.

Wiki ile ile akanisimamisha mlangoni, akanipiga. Akanituma ng'ambo ya barabara, akanipiga tena. Nikaja kutazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Ile ya mlangoni, wallahi, sijawahi kujiona hivyo: uzi wa kanga, jasho juu ya mdomo, yote. Ile ya ng'ambo ya barabara ilikuwa nguo imetundikwa.

"Mpiga Picha, mbona huku sina uso?"

"Ulikuwa unacheka."

Sikuwa nacheka. Na pete ilikuwa kwenye nane iliyolala. Niliiona kwa macho yangu. Basi kuanzia hapo nilijua, na yeye alijua, kwamba lenzi fupi inaona hatua mbili, na ndefu, ukiisaidia sana, hatua kumi. Zaidi ya hapo ni uji. Alilifanyia nini jambo hilo? Alisogea. Harusi zote akawa anazipiga karibu, uso umejaa picha nzima, nyuma kumeyeyuka. Vijana wakadhani ni fasheni ya Dar. Wakaja wengi. Kichwa kikamvimba, na ile ya plastiki ikaendelea kulala na vifungo vyangu.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa baba mdogo. Anaolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, tunampeleka kwa boti kutoka Msimbati. Mashati ya wanaume niliyashona mimi, meupe, kitambaa kimoja, na kofia za namna moja. Watu walinisifu.

Waliotufanyia nawataja, maana wapo na wanatembea. Bakari Mashine, mwenye boti, alitupakia kama magunia. Nahodha wake alipotuona tulivyo wengi alisema yeye haendi, akashuka. Bakari akampa usukani mpwa wake, Shaibu, mgeni wa harusi kama sisi, shati nimemshonea mimi, ambaye chombo alichokuwa amekiendesha maishani mwake ni pikipiki. Kaka yangu Athumani alikuwa mkulima wa korosho, Mahurunga, lakini ujanani aliwahi kufanya kazi ya boti. Alimwambia, "Bakari, huyu kijana hajui mafungu ya mchanga ya mdomoni mwa mto." Bakari akamjibu, "Wewe kakate mikorosho yako." Athumani akaja kukaa pembeni yangu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutapika hata kabla hatujaondoka. Alishika kifurushi changu mapajani. Nilikuwa nimeulalia mkono wake. Hayo sikusimuliwa.

Mpiga Picha alikuwa mchangani, suruali ameikunja, lenzi ndefu mkononi. Tukiwa tumeshasogea, hatua sitini labda, akapiga kelele, "Msitikisike!" Boti nzima ikacheka. Boti, na mawimbi, tusitikisike! Nakumbuka Athumani alicheka mpaka akafuta macho.

Kwenye mdomo wa mto, pale maji ya mto yanapogombana na ya bahari, Shaibu alitupandisha fungu la mchanga, wimbi likaja kwa ubavu. Sitaeleza zaidi. Nilishika dumu tupu la mafuta ambalo mkono wa kaka yangu ulinisukumia. Mkono niliuona. Yeye sikumwona tena.

Shaibu aliogelea, akapona. Na siku ya tatu Bakari Mashine akaanza kusema kwamba Athumani alimnyang'anya kijana usukani, akijifanya mjuzi wa zamani. Kituoni nikasema hapana, alikuwa na mimi. Wakasema mimi nilikuwa natapika, sikuona kitu. Waliokaa nyuma karibu na usukani walikuwa wamekufa. Ikabaki picha.

Afande aliiweka mezani. Nyuma ya boti amesimama mwanamume, shati jeupe, kofia, mkono kwenye usukani. Uso hana. Pua hana, macho hana, ni doa tu. Kila mwanamume kwenye boti ile alikuwa na shati hilo, maana mimi ndiye niliyeshona.

"Mzee, huyu ni nani?" afande akamuuliza Mpiga Picha, kwa upole kabisa.

Alikuwa na jibu moja la kweli, jepesi. Angesema: simjui, lenzi yangu haifiki. Basi. Kesi ingerudi kwa walio hai.  Akamtazama Bakari, akanitazama mimi, akaitazama picha, akavuta kifua.

"Ni Athumani. Mimi sipigi uso nisioujua."

"Mpiga Picha!" nikasema. "Muogope Mungu. Sema ukweli, lenzi haifiki. Ng'ambo ya barabara hata mimi sikuwa na uso!"

Hakunigeukia. "Afande," akasema, "huyu dada ni fundi cherehani."

Wakacheka, wale waliokuwa kwenye benchi. Afande hakucheka, lakini aliandika. Ikaandikwa.

Nimefikiria sana kama Bakari alimpa kitu. Nimeuliza, nimechimba. Hakumpa. Ingekuwa hongo ningeelewa, ningemchukia kama watu wanavyochukia wala hongo, tena ningepata na wenzangu wa kumchukia nao. Huyu alimuuza kaka yangu bure. Alimuuza ili asionekane mbele ya watu kwamba kamera yake ina mahali ambapo haioni.

Jioni ile nilibeba cherehani kichwani nikahamia baraza la ng'ambo ya barabara. Toka hapo tulitazamana kila siku, na kila siku akinitazama kupitia lenzi ile nilijua sina uso.

Mahurunga, wifi yangu, mjane wa Athumani, aliishi na maneno ya watu kisimani. Msimu wa korosho watu hawakuja tena kumsaidia kuokota. Binti yao, Rehema, shuleni walimwita "mtoto wa nahodha." Athumani hakuwa nahodha! Lakini utamwambia nani, na karatasi ipo?

Miaka mitano ikapita. Rehema akapata mchumba, kijana mwema, wa hapo hapo Mahurunga. Mama mdogo wa kijana alikuwa mmoja wa waliokufa kwenye boti ile. Mshenga akaja nyumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka, akakohoa sana kabla ya kusema.

"Shangazi, wazee hawana neno na binti. Wana neno na baba yake. Mjomba wa kijana anasema hawezi kula pilau ya mtu aliyemzamisha dada yake. Ila amesema hivi: kama yupo shahidi wa kusema vingine, asiye wa damu yenu, aje, asikilizwe."

Asiye wa damu yetu. Nilijua ni nani, na nilijua nitavuka barabara.

Nilikwenda asubuhi, na Rehema na rafiki yake, nimewavalisha magauni ya kitambaa kimoja na mitandio sawa. Nikawaacha nje. Mpiga Picha alikuwa amezeeka. Sasa alipiga pasipoti saizi tu, mteja hatua mbili kutoka kwake. Lenzi ya chuma ilikuwa pale pale kwenye pete ya alumini.

"Dada Cherehani. Umepotea."

"Nipo hapo mbele, miaka mitano."

Nikamweleza. Akanisikiliza huku anafuta lenzi. Nilipomaliza akasema, "Unataka nikajiaibishe Mahurunga, kwa wakata mikorosho."

"Nataka ukaseme neno moja."

"Picha ile walitikisika."

Sikumbembeleza. Nilichukua kamera mezani. Aliinuka nusu kama mtu anayeibiwa, nikamwambia, "Kaa," akakaa. Nadhani hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu. Nilitoka. Niliwasimamisha wale wasichana ng'ambo, mbele ya duka la nafaka, nikawaambia wasimame kama nguzo. Nikazungusha pete mpaka kwenye nane iliyolala. Miaka kumi na minne nilimwona akifanya hivyo, mkono wangu ulijua. Nikabonyeza, nikarudi, nikamwekea kioo mbele ya macho.

"Rehema unamjua, mwaka jana umempiga picha ya shule. Yupi Rehema?"

Akavaa miwani. Akabonyeza kitufe cha kukuza, picha ikawa kubwa na uji ukawa mwingi zaidi. Akairudisha. Nje wasichana walikuwa wanacheka kwa kuchoka kusimama, lakini kutoka alipokaa hakuwaona, na hakuomba kuwaona. Nasema hilo kwa haki yake. Alikaa na kile kioo muda wa kushona mkono mzima wa shati.

"Ume..." akaanza. Akaacha.

Nikaichukua kamera, nikairudisha mezani. 

"Kesho gari la Mahurunga linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Walitupokea kwa heshima. Wanaume wamekaa ukumbini, mjomba wa kijana katikati, sisi wanawake upande wa mlangoni. Mpiga Picha alikuwa na koti lake la studio na kamera shingoni. Sijui alidhani atampiga nani. Mshenga akamkaribisha aseme. Alisimama, ingawa waliokaa walimwambia aseme akiwa amekaa.

"Picha niliyoipeleka kituoni," akasema, "mtu wa nyuma sikumjua. Lenzi yangu haikufika. Nilisema ni Athumani kwa sababu niliona haya kusema sijui."

 Wifi yangu alijifunika uso kwa kanga.

Mjomba akauliza taratibu, "Miaka yote hii, mzee, ulikuwa unajua kwamba hukumwona?"

"Nilikuwa najua."

"Na kijana wa Bakari? Ndiye?"

"Sijui. Siwezi kusema tena nisichokiona." Kisha, Mungu wangu, mtu huyu, akanyoosha kidole na kuongeza, "Lakini wazee, kwa karibu, kwa karibu hakuna lenzi kama ile."

Kuna mtu alicheka. Halafu wawili, halafu ukumbi mzima, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo, na mjomba mwenyewe akafuta macho. Hata mimi kilinijia, nikakirudisha. Mjomba alitazama upande wetu, akasema, "Rehema ni binti yetu. Na baba yake tutamsomea hitma, sisi wenyewe, hapa hapa." Vigelegele vikapigwa. Wifi yangu alilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya msiba hakuthubutu kukilia.

Wakaleta maji ya kunawa, wakaleta pilau, na ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chai. Mpiga Picha alikula vizuri. Wakati wa kuagana alikuja mpaka mlangoni nilipokaa, akasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha. Watu wakaona, wakatabasamu. Mjomba akasema kutoka kule ndani, "Shangazi, mpe mkono mzee wa watu, yaishe."

Nilikunja mkeka niliokuwa nimekalia, nikausimamisha ukutani.

"Mlitaka shahidi," nikawaambia. "Nimemleta."